Ruhusa ya Kuvusha Kamba

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa anapika kanyanga, ile pombe kali ya kuficha. Nasema mambo kama ilivyokuwa, hata kama sisi tuko watu wa kanisa tangu babu yangu. Alikuwa anaipika nyuma ya migomba, ndani ya pipa moja ya mazuti, mufuniko umekazwa na udongo na vitambaa, na murija mumoja wa kutolea mvuke. Siku moja ya yenga, wakati watu wote wako ku misa, ule murija ukaziba. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, tayari naanza kunyoa ndevu, na misa nilikuwa naikimbia. Nikasikia pipa inaguna kama ngombe anayetaka kuzaa. Halafu, po! Mufuniko ukaondoka. Ulipita juu ya migomba, ukapita juu ya mikaratusi, ukaendelea, na mimi nautazama mudomo wazi, sina hata akili ya kukimbia. Ukaanguka ndani ya lupango ya mukatekista, katikati ya kuku zake.

Mukatekista aliurudisha yeye mwenyewe mangaribi, ameufunga ndani ya majani ya ndizi sababu ya harufu. Juu ya zambi hakusema kitu. Aliuliza tu: "Mama, hii kitu yako imetoka mbali namna gani?"

Shangazi akamujibu: "Papa, pima mwenyewe, si wewe njo ulisoma?"

Na kweli wakapima, hatua kwa hatua, yeye mbele, shangazi nyuma, wanabishana juu ya urefu wa hatua. Walifika mia mbili na kitu. Nilishangaa sana. Pale kwetu ni milima tupu. Kwenda mia mbili ni kushuka bonde na kupanda tena, unafika unahema. Na mufuniko ya pipa ilikuwa imevuka bonde yote bila kutoa jasho.

Mimi ku masomo nilifika mwaka ya tatu ya primere, halafu nikaacha juu ya kuchunga ngombe za watu. Barua naweza kuisoma, lakini polepole, na kidole. Kwa hiyo mambo ya kuruka hewani sikuijua zaidi ya ule mufuniko. Watoto yangu niliwapigia hiyo hadisi mara nyingi, na wote walikuwa wanacheka, isipokuwa binti yangu wa tatu. Huyo hakucheka. Aliniuliza murija ulikuwa na upana gani. Leo yeye ni profesa ya fizike ku sekondari, mama ya watoto wane, na ile shauri ya kuvuka bonde bila jasho haikumutoka kichwani. Njo yeye alinipeleka ku mabiro ya wakubwa. Hapana, nisimusingizie. Nilijipeleka mwenyewe.

Inafaa niwaeleze muto. Kwetu, upande ambapo Masisi inateremuka kwenda Walikale, muto unapita ndani ya korongo, maji iko chini inapiga mawe, kelele mpaka munaongea kwa mikono. Zamani kulikuwa daraja ya kekele, zile kamba ngumu za porini, wazee walikuwa wanaisuka na inayumba kama kitanda ya mutoto. Wakati watu walikimbia vita, daraja ilikatwa. Nani aliikata, kila muntu iko na jibu yake. Wasukaji wamoja wako mpaka sasa ku kambi ya wakimbizi ya Lushebere, wanalima mashamba ya watu wengine. Na mulima uliporomoka, korongo ikapanuka. Zamani walikuwa wanapiga mushale wenye uzi mwembamba ng'ambo, uzi unavuta kamba, kamba inavuta kekele. Sasa mushale haufiki. Unaanguka ndani ya maji, na wewe unabaki na upinde kama mujinga.

Kuna kivuko chini, mwendo wa nusu siku, lakini wakati wa mvua kubwa inafungwa. Na kamba hauwezi kuivuta kutoka kule mpaka ku daraja, miti na mawe inaikamata.

Ng'ambo, upande wa Walikale, anaikala yaya yangu, dada yangu mukubwa, yule aliyenilea. Yaya iko na ugonjwa ya sukari. Dawa yake ya sindano inatoka ku sante yetu, ile zahanati ya upande huu, na kila wiki mbili mimi nilikuwa naipeleka ndani ya termosi, napita kivuko, nafika jioni, anapika sombe, ananitukana kwamba nimekonda, asubuhi narudi. Mwaka uliopita mvua ilifunga kivuko wiki tano. Niliporudi nilimukuta na kidonda ku mguu, kinanuka. Kilipona, kidogo kidogo. Muganga wa sante alinitazama usoni akasema: "Papa, mara ingine mguu hautasubiri."

Mambo yote ilitoka pale.

Binti yangu alisema ataunda roketi ya kuvusha uzi, uzi uvute kamba, na kamba ibebe termosi wakati daraja inasukwa. Kwetu ukisema roketi, muntu anatafuta kwanza mulango iko wapi. Lakini hii yake ilikuwa bomba nyembamba, urefu kama mukono wangu, na mabawa matatu ya bati aliyokata yeye mwenyewe. Soderi mumoja, fundi wa kuunganisha vyuma, aliyerudi kutoka Rubaya, alikokuwa anatengeneza mashini za wachimbaji, alimusaidia kufunga matako ya ile bomba. Ndani alitia keki fulani ngumu ya kuwaka moto, rangi ya kahawa iliyochomwa. Mimi sikuonja, lakini inzi walionja. Aliniambia: "Papa, adui ya hii keki ni ukungu. Inakunywa maji ya hewani. Nikiitengeneza, inafaa iruke ndani ya wiki chache." Aliifungia ndani ya bidoni ya maziwa, mufuniko umezibwa na nta. Ukungu, na sisi tunaikala Masisi! Kwetu hata chumvi inalia ndani ya mukebe.

Alitaka kwanza kujaribu mara tatu ku malisho, bila uzi, aone inaangukia wapi. Na kwa jaribio ilifaa ruhusa. Hapo sikatai. Kwetu huwezi kupandisha moshi mbinguni bila kusema. Kuna watu wenye bunduki ku kila kilima, na mumoja akiogopa, wote wanapiga. Inafaa biro ijue, na biro iwaambie wengine. Njo hivyo binti aliandika barua, tukakubaliana nitaipeleka mimi. Kwetu barua nzito inabebwa na muzee. Mwanamuke akiipeleka mwenyewe watamuuliza bwana yake iko wapi, na bwana ya binti yangu iko Goma, anarudi wakati anapenda. Hiyo ni hadisi ingine, na sitaipiga hapa, atasoma.

Sasa musikilize kosa yangu.

Mimi nilifikiri hii kamba ni kama uchumba. Kitu yako inatoka kwako, inaenda kuingia kwa watu. Unaanza wapi? Unaanza kule inakoenda kuingia! Huwezi kukaza mapatano ndani ya nyumba yako, halafu ufike kwa wakwe na mukono mutupu useme tumeshakubaliana. Kwa hiyo nilibeba jogoo na bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, nikapita kivuko, nikaenda kusalimia shefu wa kijiji ng'ambo. Tulikaa vizuri. Aliuliza: "Hii kitu ikianguka juu ya mbuzi yangu?" Nikasema: "Tutakuletea mbuzi." Akacheka, akakunywa, akaita mwandishi, akaandika kwamba yeye na watu wake wanakubali uzi uangukie kwao, akapiga kashe, ule muhuri wake. Nilirudi na ile karatasi ndani ya shati kama muntu aliyepewa bibi wa kuoa.

Nikaenda ku biro ya upande wetu. Nilikuta sekretere, kijana wa viatu safi. Namna gani muntu anakuwa na viatu safi ndani ya ile matope, mpaka leo sijui. Alisoma barua ya binti, akasoma karatasi ya ng'ambo, akatazama tarehe, akainua macho.

"Papa, ulienda kwanza kule?"

"Ndiyo. Si kule njo inaanguka?"

"Yaani uliomba ruhusa kwa watu wa Walikale, mbele ya kuomba kwa mukubwa wako?"

"Sikuomba ruhusa. Nilienda kusalimia."

"Na kashe?"

"Kashe ilikuja na kasiksi."

Mama mumoja aliyekuwa ku benchi akacheka mpaka mutoto wake mugongoni akaamuka. Sekretere hakucheka. Aliniambia mukubwa ataona kama nimemuzarau. Inafaa Masisi ikubali kwanza, halafu Walikale. Hii karatasi imezaliwa mbele ya mama yake. Niirudishe, wanipe ingine yenye tarehe ya kufuata ile ya hapa. "Na ile ya hapa nitaipata lini?" Akasema: "Mukubwa haiko. Utapita siku ya tano."

Siku ya tano nikapita. Wiki ingine nikapita. Kutoka kwetu mpaka pale ni saa tano kwa miguu, na mimi goti ya kushoto inapiga kelele kama mulango. Yule mama wa benchi nilimukuta kila mara. Alikuwa anafuata karatasi ya shamba yake ya maharagwe iliyoingiliwa na ngombe za muntu. Tukawa marafiki. Ananiona tu mulangoni: "Papa wa Roketi! Bado uko huku chini na sisi?" Na mimi: "Mama Maharagwe, bado unalima benchi?" Siku moja alinigawia viazi vitamu akasema: "Wewe unaomba ruhusa ya kurusha, mimi naomba ruhusa ya kupanda. Tuone nani atatoka hapa wa kwanza." Tulicheka. Leo nikikumbuka sioni kilichokuwa cha kuchekesha.

Halafu wakasema kuna formilere ya kujaza. Roketi haina formilere yake, hakuna aliyewahi kuiomba, kwa hiyo sekretere alinipa ile ya pikipiki. Nikaipeleka nyumbani, binti akaijaza mbele yangu. Rangi: ya bati. Namba ya plaki: haina. Jina ya shofere: haina. Abiria wangapi: hakuna. Alikuwa anaandika na meno imekazwa. Niliirudisha, na sekretere akaisukuma mbali na kidole kimoja. "Haijajazwa, Papa. Shofere ni nani?"

"Haina shofere."

"Kitu inatembea bila shofere, mutu atajibu ni nani ikifanya mabaya?"

Nikasema: "Andika jina yangu."

"Uko na permi ya kuendesha?"

Basi nikakaa. Mutaniambia ningekasirika. Nilikasirika, lakini kwa biro unakasirikia ndani, sababu ukikasirikia nje dosye yako inateremuka chini ya zingine. Nilikuwa nahesabu siku za termosi. Tulikuwa bado mwezi wa saba, kivuko iko wazi, yaya yangu anapata sindano zake. Nilikuwa najiambia bado kuna wakati. Keki ya kwanza ya binti ilikuwa tayari imeharibika. Alifungua bidoni akakuta imekuwa laini kama ugali wa jana. Aliitupa ndani ya shimo, akatengeneza ya pili. Alinifungia tu mukate na maharagwe za kesho yake.

Mwezi wa nane komisyo ikakuja nyumbani, wanaume watatu, kuangalia kama ni silaha. Tulichinja. Walikula, wakakaa mbali na bidoni, mumoja akaomba ifunguliwe, mwingine akasema isifunguliwe. Binti aliwaeleza yote taratibu kama wanafunzi wake: uzi wa nailo ungefungwa hapa, ungetoka hivi, ungeanguka kule. Mukubwa wa komisyo akamuuliza: "Mama, na ukishajua kuvusha uzi, nani atakuzuia kuvusha kitu ingine?"

Binti akajibu: "Papa, mimi ningekuwa na akili ya kufanya mabaya, ningekuja kuwaomba?"

Yule akaitika na kichwa kabisa kabisa, akaandika. Nilifikiri ameelewa. Mimi pia, niseme kweli, ile ulizo niliiona iko na haki. Mutu aliyeishi hapa hawezi kuicheka. Lakini basi mutu aseme hapana! Hapana ningeibeba, ningeenda kutafuta njia ingine, ningemuhamisha yaya kwa nguvu hata akiniuma mukono. Hawakusema hapana. Walisema inaendelea.

Nilimuomba yaya akuje kuikala kwangu mbele ya mvua. Nilikuwa nimepeleka termosi, yeye anachambua mboga. Alisema: "Nani atalinda mihogo yangu? Wewe? Wewe hata jogoo yako uliipeleka kwa shefu bila kuniuliza." Nikamuambia daraja itachelewa. Akasema: "Si ulisema binti iko karibu kurusha?" Nilisema ndiyo, karibu. Nilisema hivyo. Njo ile neno ingali ku koo yangu, sababu alibaki juu ya ile karibu yangu.

Ripoti ya komisyo ilikuwa nzuri, walisema. Ilikuwa ku meza ya mukubwa, inabakia sinyatire, sahihi yake tu. Na pale mukubwa akaondoka. Kwetu mabiro inabadilisha wakubwa kama vile hali ya hewa. Unalala chini ya kashe moja, unaamuka chini ya ingine. Nilifika nikakuta bendera imeoshwa, viti vimegeuzwa kuelekea dirisha, na sekretere ni yule yule, viatu vile vile. Akaniambia kashe ya zamani haifai tena ku karatasi yoyote. Ripoti? Ripoti imepigwa kashe ya zamani. Formilere? Pia. Na ng'ambo, shefu aliyekunywa kasiksi yangu alikuwa amekimbilia Walikale sentre na watoto wake.

"Tunaanza upya, Papa, lakini usiogope. Wewe tunakujua. Haitakawia kama mwanzo."

Mvua ilianza wiki ile ile. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kucheza. Nikapeleka termosi mbio, maji kivukoni ilikuwa kiunoni. Yaya nilimuachia sindano za wiki mbili na siku chache. Alikuwa amefunga kitambaa ku mguu, nikauliza, akasema ni mbu. Ya pili ikanyesha siku tatu bila kupumua, na kivuko ikafungwa. Keki ya pili ya binti ilikuwa bado nzuri. Alinionyesha: ngumu, inagonga kama mufupa. Alisema: "Papa, wiki mbili. Ikipita pale sitaiamini. Waambie mara moja tu, hata bila yale majaribio. Waturuhusu mara moja."

Nilikwenda kila siku ya kazi. Nililala kwa rafiki ya marehemu bibi yangu, mama ya watoto yangu, karibu na biro, nisipoteze saa tano za barabara. Nilikuwa wa kwanza ku benchi na wa mwisho kutoka. Mama Maharagwe hakuwako tena. Niliuliza, wakasema alichoka, ngombe zilimaliza. Mukubwa mupya alikuwa mutu mwenye adabu, nilimusalimia mara mbili ku koridori, akanishika mikono yote miwili. "Papa, ni shauri nzuri. Tunaisoma." Siku ya kumi na tatu tangu kivuko ifungwe ikapita. Siku ya kumi na tano, termosi ya yaya ilikuwa imekauka, mimi nahesabu kichwani: leo asubuhi hana, leo jioni hana.

Siku ya kumi na tisa, saa ine ya asubuhi, sekretere alitoka anacheka, mara ya kwanza nione meno yake. "Papa, dosye yako iko ndani. Amechukua kalamu. Bakia hapo tu."

Nikabakia. Simu yangu ikalia. Ilikuwa mutoto wa yaya, yule mukubwa, mwanaume wa makamo, na yeye alikuwa amepanda juu ya kilima kutafuta rezo ya simu, upepo unamupiga mudomoni.

"Mjomba, tumemubeba Mama ku tipoyi. Tangu jana. Tunaenda Walikale."

"Mguu?"

"Mguu umekuwa mweusi. Haongei vizuri. Wabebaji ni wane, tunapokezana. Mjomba, na ile kamba?"

Rezo ilikatika, ao mimi njo nilikata, sijui. Kwenda Walikale na tipoyi, ile machela ya mabegani, ndani ya ile matope ni siku tatu. Walifika siku ya ine, na kule wakamukata mguu juu ya goti. Lakini hayo niliyajua nyuma. Pale ku benchi nilijua tu kwamba yaya yangu iko hewani mabegani mwa watu wane, na mimi niko nimekaa.

Sekretere akatoka tena, na karatasi mukononi, akaipepea ikauke.

"Papa! Imekubaliwa. Ni ya jaribio ya kwanza tu, ya pili na ya tatu utaomba nyuma. Inabakia kitu kidogo kidogo: ya Walikale, yenye tarehe ya kufuata hii. Unaona? Sasa inaenda kwa mupango. Weka kidole hapa."

Akafungua kisanduku cha wino. Nilitazama ule wino. Mimi najua kuandika jina yangu, alikuwa anajua hivyo, niliiandika mbele yake mara ngapi sijui. Nikasimama. Goti ikapiga kelele. Kofia niliichukua, dosye niliiacha juu ya benchi pamoja na formilere ya pikipiki na picha zangu mbili za pasipoti.

"Papa? Papa, unaenda wapi? Mukubwa iko hapa leo! Kesho haiko!"

Nje mvua ilikuwa inanyesha nzito. Nilisikia ananiita tena kutoka mulangoni, "Muzee, karatasi yako!", lakini hakutoka, juu ya kuogopea viatu vyake. Nilishika barabara ya chini, ya matope, na sijarudi pale tena.